SOMO LA MWEZI: Siku kuu ya chakula iingie katika nyungu ya kila juma



Somo hili linaanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka kidogo iliyopita, tarehe 16 mwezi wa 10, tulifanya Siku ya Chakula Duniani katika kijiji kimoja cha milima, huku kwetu Kivu ya Kusini. Kazi ya kutayarisha meza ilikuwa yangu. Tuliweka vyakula aina saba: maharagwe, sambaza, lengalenga, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, mayai, avoka na bugali. Wakubwa walisema maneno yao, tukapiga picha, watoto wakakula wakashiba. Nilirudia nyumbani na furaha nikijua kazi imeisha.

Kesho yake nilipita katika kijiji kile kile kuangalia mashamba. Saa saba ya muchana nikaingia kwa mama mumoja aliyepika pamoja na sisi. Watoto wake wane walikuwa wamezunguka sahani ya bugali ya muhogo na sombe ya maji na chumvi, bila mafuta, bila karanga, bila kitu. Mutoto wa mwisho, wa miaka karibu mbili, hakutaka kula. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nikafinya na kidole, shimo ya kidole ikabakia pale pale. Nikauliza: "Mama, na yale maharagwe ya jana?" Akanijibu pole pole, bila kasirani: "Agronomi, jana ilikuwa siku kuu. Leo ni siku."

Neno hilo lilinifundisha kuliko kitabu. Siku kuu ya chakula inakuja mara moja kwa mwaka, lakini mutoto anakula kila siku. Kama siku kuu haibadilishe kitu katika nyungu ya juma, tumepoteza makala na maneno ya bure. Kwa hiyo mwezi huu tujifunze namna ya kutumia siku kuu za chakula kama misumari ya kutundika mupango wa chakula cha juma, na namna ya kupanga shamba na akiba ili mupango huo usibakie kwenye karatasi.

1. SIKU HIZI ZINATOKA WAPI?

Tarehe 16 mwezi wa 10 haikuchaguliwa ovyo. Ni siku ambayo FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lilizaliwa katika muji wa Quebec, inchi ya Kanada, mwaka wa 1945. Inchi zilianza kuifanya kuwa siku kuu mwaka wa 1981. Siku moja mbele yake, tarehe 15, ni Siku ya Mwanamuke wa Kijijini. Ni vizuri namna hiyo zinafuatana: kwanza yule anayelima na kupika, kisha chakula chenyewe.

Kuko na siku zingine. Mwaka wa 2016 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa maharagwe na jamaa zake, ni kusema kunde, mbaazi, njegere kauka na dengu. Tangu mwaka wa 2019 jamaa hiyo iko na siku yake, tarehe 10 mwezi wa 2. Viazi vya milimani, vile tunaita viazi vya kizungu, vilipata siku yao mara ya kwanza mwaka wa 2024, tarehe 30 mwezi wa 5. Maziwa iko na tarehe 1 mwezi wa 6. Mayai iko na siku ya tano ya pili ya mwezi wa 10.

Katika Marekani wamezidisha: karibu kila siku ya mwaka iko na chakula chake, na familia zingine zinachagua chakula cha magharibi kwa kuangalia kalenda hiyo. Mwaka wa 1984 presidenti Reagan alitangaza mwezi wa 7 kuwa mwezi wa aiskrimu, na siku ya yenga ya tatu ya mwezi huo kuwa siku yake. Inafurahisha watoto, lakini inasaidia pia wenye kuuzisha maziwa. Basi, kila mara munaposikia siku ya chakula fulani, muulize maulizo mbili: Chakula hiki kinatoka katika shamba letu ao katika duka? Kinaongeza kitu ambacho nyungu yetu inakosa ao hapana? Kama jibu ni zuri, tuchukue siku hiyo. Kama hapana, tuiache ipite.

2. WEKA SIKU KUU JUU YA KALENDA YA SHAMBA

Hapa ndipo agronomi anaingia. Tarehe peke yake haipikwi. Angalieni siku zinaanguka wapi katika majira yetu:

— Tarehe 10 mwezi wa 2 (maharagwe): mavuno ya majira A yameisha, na tunatayarisha kupanda majira B. Maharagwe iko nyumbani. Ni wakati muzuri wa kuchagua mbegu na kuhesabu akiba.

— Tarehe 8 mwezi wa 3 (siku ya wanawake): maharagwe ya majira B iko katika udongo, kazi ya kupalilia ni mingi, mama anachoka. Chakula cha haraka kinahitajika.

— Tarehe 30 mwezi wa 5 na tarehe 1 mwezi wa 6 (viazi, maziwa): majani ya ng'ombe na mbuzi yangali mabichi, mavuno ya B inakaribia.

— Tarehe 30 mwezi wa 6 (uhuru wa inchi): mavuno ya B. Maharagwe ni mingi, bei iko chini.

— Tarehe 1 mwezi wa 8 (siku ya wazazi): jua kali. Asubuhi tunasafisha makaburi ya wazee, muchana tunakula pamoja. Mboga inatoka katika mabonde yenye maji. Siku hiyo pia inaanza juma la kunyonyesha, mupaka tarehe 7.

— Tarehe 29 mwezi wa 9 (siku ya kupinga chakula kupotea): tunafungua akiba kwa kupanda. Wenye wadudu waliingia kwao wanalia.

— Tarehe 15 na 16 mwezi wa 10: kupanda. Maharagwe yaliyobakia ni mbegu. Hapa ndipo nyungu inakauka.

— Tarehe 21 mwezi wa 11 (samaki): maharagwe ya A ingali katika shamba. Sambaza na ndagala zinaweza kusimama mahali pake.

— Noeli na mwaka mupya: maharagwe mabichi ya kwanza, njaa inaanza kupunguka.

Mumeona? Siku kubwa kuliko zote za chakula inaanguka katika miezi ya taabu. Wengi wanasema "tarehe ilichaguliwa vibaya kwetu." Mimi nasema ni muzuri, kwa sababu inatupima. Yule ambaye tarehe 16 mwezi wa 10 angali anapika maharagwe bila kugusa mbegu, huyo alipanga vizuri tangu mwezi wa 6. Sherehe ya mwezi wa 10 inatayarishwa wakati wa kupura maharagwe.

3. CHAKULA KIMOJA KWA MWEZI, MARA MBILI KWA JUMA

Tusianze na mambo makubwa. Kanuni yetu ni hii: kila mwezi familia inachagua chakula kimoja cha siku kuu iliyo karibu. Chakula hicho kinaingia katika nyungu mara mbili kila juma la mwezi huo. Mwezi ukiisha, hakifukuzwe. Kinabakia hata mara moja kwa juma, na kingine kinaongezeka. Kiisha mwaka moja, juma la familia linakuwa na rangi nyingi bila kununua mingi.

Sababu ni nini? Muhogo unashibisha, lakini unajenga mwili kidogo sana. Katika kilo moja ya unga wa muhogo, kitu cha kujenga mwili hakipite magramu makumi mbili hivi. Katika kilo moja ya maharagwe kauka kinapita magramu mia mbili. Sambaza kauka inapita hata maharagwe. Kwa hiyo bugali haiko adui yetu. Tatizo ni bugali inayokuja peke yake. Mutoto iko na tumbo ndogo. Ukiijaza na bugali tupu, nafasi ya chakula cha kujenga haiko tena.

Mufano wa kuchagua:

Mwezi wa 2: maharagwe. Muulize mbegu ya maharagwe yenye chuma mingi, ambayo watafiti wa INERA Mulungu walifanyia kazi. Inasaidia damu ya mama na ya mutoto. Usinywe chai pamoja na chakula hicho, chai inazuia chuma kuingia katika mwili; subiri saa moja ao mbili. Nyanya, ndimu, pera ao chungwa inafungulia chuma mulango.

Mwezi wa 5: viazi. Chemsha na maganda yake, kisha menya. Usiweke viazi kwenye mwangaza. Vile vimegeuka rangi ya majani, usipe mutu.

Mwezi wa 8: maziwa ya mama. Mutoto mudogo asipewe kitu kingine mupaka miezi sita, hata maji. Nyuma ya miezi sita anaanza kula, na anaendelea kunyonya mupaka miaka mbili ao zaidi. Basi chakula cha mwezi huo ni kwa mama: umuongezee sahani, umupunguzie mizigo.

Mwezi wa 10: mayai. Kuku wa kienyeji akitaga, tunaachia mingi aatamie. Lakini yai mbili kwa juma kwa kila mutoto wa chini ya miaka tano, hiyo ni dawa ambayo haiuzwe katika famasi.

Mwezi wa 11: sambaza. Wale wa kando ya ziwa munajua: sambaza zinavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mukubwa juu mbinguni, taa haivute samaki sana, na bei inapanda. Nunueni wakati wa giza, mukaushe vizuri, muchunge. Twanga zile kauka ziwe unga. Kijiko moja ya unga huo katika uji ao katika sombe ya mutoto inatosha kubadilisha chakula.

4. JUMA MOJA LA MUFANO

Hili ni juma la familia ya watu sita, katika mwezi wa 10, wakati wa taabu. Kila kitu kinaweza kutoka shambani ao katika soko yetu.

Siku ya kwanza: maharagwe na lengalenga, bugali.
Siku ya pili: sombe na karanga za kutwanga, mafuta ya mawese kidogo, bugali.
Siku ya tatu: maharagwe pamoja na viazi vitamu vya rangi ya machungwa.
Siku ya ine: matembele na unga wa sambaza, bugali.
Siku ya tano: sombe na unga wa soja iliyokaangwa; yai kwa watoto wadogo.
Siku ya posho: maharagwe na ndizi ya kupika, avoka.
Siku ya yenga: chakula cha siku kuu ya mwezi. Mwezi huu ni mayai na nyanya. Yule iko na sungura ao dende anaweza kupika nyama.

Angalieni vizuri: maharagwe mara tatu, sombe mara mbili lakini kila mara na rafiki yake, mayai mara mbili, sambaza mara moja. Hakuna siku bugali inakuja bila kitu cha kujenga mwili. Na hakuna siku inaomba fedha mingi.

Maneno matatu ya jikoni. La kwanza, maharagwe ilale katika maji usiku mumoja. Asubuhi mwaga maji yale. Inaiva mbio na makala inabakia. La pili, sombe itwangwe vizuri na ichemuke wakati murefu bila kufunika, ili sumu yake itoke. Muhogo muchungu nao ukae katika maji siku tatu ao ine mbele ya kuanikwa. Musifupishe siku kwa haraka ya soko. La tatu, mutoto akule katika sahani yake mwenyewe. Katika sahani ya wote mwenye mukono mukubwa anashinda, na yule mudogo anafuta mabaki.

5. HESABU YA MAHARAGWE

Sasa chukueni kaye na kalamu. Mupango bila hesabu ni wimbo tu. Tufanye mufano wa ile familia ya watu sita.

Nyungu moja ya maharagwe inaomba nusu kilo ya maharagwe kauka. Mara tatu kwa juma ni kilo moja na nusu. Kuanzia mwanzo wa mwezi wa 7 mupaka mwisho wa mwezi wa 1, ni majuma 31.

Kilo 1 na nusu mara 31 ni karibu kilo 47.

Mbegu: shamba la ari 10, maharagwe mafupi, kilo 8.

Jumla: kilo 55.

Kilo 55 hizo haziko za kuuzisha. Ni za mutoto na za udongo. Kile kinachopita kilo 55, hicho ndicho biashara.

Mutu atasema: "Agronomi, mimi navuna kilo 40 tu." Ni sawa. Punguza nyungu ya maharagwe mara mbili kwa juma: ni kilo 31. Ongeza mbegu kilo 8. Unapata kilo 39. Kilo moja inabakia, na siku ya tatu ya maharagwe unaweka soja ao sambaza mahali pake. Hesabu haikufukuzi, inakuonyesha tu mahali pa kupita.

Yule mama wa mwanzo wa somo alikuwa amevuna vizuri mwezi wa 6. Nilipomuuliza, alinihesabia: deni la dawa, deni la mukopo wa jembe, na mufuko uliobakia akauuzisha kwa sababu wadudu walikuwa wameanza kuutoboa. Mwezi wa 10 alikuwa ananunua maharagwe murongo kwa murongo, kwa bei ambayo ninyi wote munaijua. Kumbe hakuwa muvivu, wala hakukosa akili. Alikosa mahali pa kuchunga, na alikosa mutu wa kumupa wakati wa kulipa deni. Hayo mambo mawili ni kazi ya koperative.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini maharagwe yasiyokauka inaoza! Basi: kausha juani mupaka mbegu ikivunjwa na meno itoe sauti. Ondoa uchafu na zile zimetobolewa. Jaza bido kavu mupaka juu kabisa, gongagonga ili hewa itoke, funga kifuniko kwa nguvu, na usifungue kila siku. Ndani ya bido iliyojaa na kufungwa vizuri, wadudu wanakosa hewa wanakufa. Ni vizuri kuwa na bido ndogo nyingi kuliko moja kubwa: unafungua moja, zingine zinalala. Ile ya mbegu, iandike MBEGU kwa rangi, hata mutoto aijue.

Mahali ambapo usalama ni kidogo, usiweke akiba yote nafasi moja. Sehemu nyumbani, sehemu katika depo ya koperative, kila mufuko na jina la mwenyewe katika kitabu. Na komite iamue tangu mwezi wa 6: memba mwenye deni anaweza kulipa mara mbili, nusu kwa mavuno na nusu mwezi wa 12, ili asiuzishe chakula chote kwa bei ya chini.

6. SIKU KUU ZA INCHI: TUSIKULE MBEGU

Siku kuu inaweza kujenga juma, na inaweza kulibomoa. Tuseme ukweli. Tarehe 30 mwezi wa 6 tunachinja, tunanunua kasiksi na bia, tunapika muchele ambao hatulimi. Tarehe 8 mwezi wa 3 kila mama anatafuta kikwembe cha siku, hata kwa deni. Noeli ndiyo zaidi. Kiisha siku kuu, juma mbili za bugali na chumvi.

Sisemi tuache furaha. Mukulima bila siku kuu ni kama jembe bila mupini, haendi mbali. Nasema tugeuze mupango. Kama familia inataka kuku tarehe 30 mwezi wa 6, iweke mayai chini ya kuku tangu mwanzo wa mwaka. Kifaranga wa kienyeji anaomba miezi mitano ao sita kuwa kuku wa sufuria. Kama tunataka viazi na maharagwe kwa siku ya wazazi, tutenge kilo zake siku ya kupura. Siku kuu ambayo iko na mufuko wake haiingilie mufuko wa juma.

Na desturi moja nzuri nimeiona katika kikundi kimoja: kila siku kuu ya inchi, kila nyumba inaleta sahani moja ya kile ilichopanda yenyewe. Hakuna kununua. Wanaonja, wanaulizana mbegu, wanagawanya mbegu. Pale wamama wawili walianza kupanda viazi vitamu vya rangi ya machungwa kwa sababu tu watoto wao waliomba tena.

7. NANI ANAAMUA?

Baba zangu, somo hili haliko la wamama peke yao. Mama anapika, lakini mara mingi baba ndiye anasema mufuko gani uuzishwe na kuku gani achinjwe. Mupango wa juma ambao mama anauandika peke yake unavunjika siku ya soko. Kwa hiyo muketi wote wawili, na watoto wenye wanajua kuandika. Siku ya yenga magharibi ni wakati muzuri, dakika kumi zinatosha. Mutoto mukubwa aandike siku saba kwenye karatasi, iwekwe ukutani. Baba aahidi mbele ya watoto kilo gani haziguswi. Ahadi iliyosikiwa na watoto ni ngumu kuvunja.

Na mizigo igawanywe. Katika miezi ya kupanda na kupalilia, mama anatoka shambani saa kumi. Kama hakuna mutu aliyeweka maharagwe katika maji usiku, hakuna mutu aliyeleta kuni, basi itakuwa sombe ya haraka tu. Si mapenzi yake, ni saa zimeisha.

8. ALAMA ZA BWAKI: USINGOJE

Mupango wa juma unazuia ugonjwa. Hautibu mutoto ambaye amekwisha kugonjwa. Ukiona miguu ao uso umevimba, na ukifinya shimo inabakia, nywele zinakuwa nyembamba na kugeuka rangi, ngozi inatoka, mutoto ana huzuni na anakataa chakula: hiyo ni bwaki. Usiseme amelogwa, wala usiseme amenenepa. Umupeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vilevile muombe reko wa kijiji apime mukono wa kila mutoto wa miezi sita mupaka miaka tano. Kipimo kikianguka kwenye rangi nyekundu, chini ya sentimeta 11 na nusu, ni hatari, hata kama hakuvimba.

Yule mutoto tulimubeba siku ile ile kwa pikipiki. Alikaa majuma mengi katika matunzo, akapona. Mama yake alirudia na maneno mawili kwangu. La kwanza lilikuwa asante. La pili: "Sasa nifundishe kupika tarehe 17." Ni yeye aliyeanzisha somo hili. Sisi wa mashirika tulikuwa tunajua tu kupika tarehe 16.

9. KAZI YA KIKUNDI

Katika mukutano unaokuja, muzungumuzie maulizo haya:

1. Katika kijiji chetu, ni miezi gani nyungu inakauka? Siku kuu gani zinaanguka ndani yake?
2. Juma lililopita, nyumbani kwako bugali ilikuja peke yake siku ngapi? Kila mutu ahesabu kwa ukweli, hakuna kucheka.
3. Chakula gani kimoja tunachagua mwezi huu, na mbegu yake iko kwa nani?
4. Familia yako inahitaji kilo ngapi za maharagwe mupaka mavuno yanayokuja? Ziko wapi sasa?
5. Depo yetu inaweza kuchunga mifuko ya chakula ya wamemba? Kama hapana, inakosa nini?

Kazi ya nyumbani: andika juma moja, lifuate, kisha weka alama kwenye siku ambazo mupango ulivunjika na uandike sababu. Usiogope alama. Karatasi yenye alama tatu za ukweli inatusaidia kuliko karatasi safi ya uongo. Mulete karatasi hizo kwa katibu wa koperative. Tutazisoma pamoja wakati nitapita.

Na mwaka huu, Siku ya Chakula ikifika, sitakuja kutayarisha meza. Nitakuja kesho yake, tarehe 17, saa saba ya muchana, kuonja kile kiko katika nyungu zenu.

Kazi njema, na mvua ije kwa wakati wake.

Agronomi wenu